Maisha ya Soka ya Beki wa Kulipwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi ya beki ni ipi hasa?

Kazi ya beki ni kuizuia timu pinzani isifunge, na katika soka la leo yeye pia ndiye anayeanzisha mashambulizi ya timu yake. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayaonyeshi jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Kwa sehemu kubwa ya dakika 90 beki hana mpira wala haugombanii. Anasogea hatua mbili kuziba njia ya pasi, anarudi nyuma kabla mshambuliaji hajaanza kukimbia, anamwita mwenzake aingie ndani, anageuza shingo kumtafuta winga aliyejificha nyuma yake. Hatua hizo ndogo humfanya kiungo wa timu pinzani aghairi pasi aliyokuwa amekwisha kuipanga. Pasi iliyoghairiwa haihesabiwi na mtu, na hapo ndipo ilipo taabu ya maisha yote ya beki: kazi yake iliyo bora kabisa haionekani, ilhali kosa lake moja huonekana na kila mtu na kurudiwa kwenye televisheni wiki nzima. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa miaka 15 hana budi kulikubali jambo hilo mapema.

Nafasi za mabeki zinatofautianaje?

Wapenzi wa soka wa siku nyingi huzitaja kwa namba: namba 2 ni beki wa kulia, namba 3 ni beki wa kushoto, namba 4 na namba 5 ni mabeki wa kati. Mabeki wa kati hulinda eneo la mbele ya kipa, hugombania mipira ya juu na kumkaba mshambuliaji wa kati. Mara nyingi mmoja hutangulia kumkabili na mwenzake hubaki nyuma kidogo ili kufunika. Mabeki wa pembeni hupambana na mawinga, na timu inaposhambulia hupanda hadi karibu na mstari wa goli la wapinzani kupiga krosi. Kocha anapotumia mabeki watatu wa kati, wale wa pembeni husogezwa mbele na kukabidhiwa upande mzima wa uwanja.

Zamani palikuwa pia na beki wa mwisho aliyecheza huru nyuma ya wenzake, ambaye wengi walimwita mkoba au libero. Franz Beckenbauer wa Ujerumani Magharibi ndiye aliyeipandisha hadhi nafasi hiyo katika miaka ya 1960 na 1970, kwa kutoka nyuma na mpira miguuni na kuungana na viungo. Nafasi yenyewe imekaribia kutoweka, lakini kazi yake imegawanywa kwa wengine: sehemu moja imechukuliwa na kipa anayesimama mbele ya eneo lake, na sehemu nyingine na mabeki wa kati wanaotakiwa kupiga pasi zinazovunja safu ya wapinzani.

Je, ni lazima beki wa kati awe mrefu?

Urefu husaidia sana, hasa kwenye kona na mipira ya adhabu, na makocha wengi wa timu za vijana huutazama kabla ya kitu kingine chochote. Hata hivyo, Fabio Cannavaro, aliyekuwa nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, alikuwa na urefu wa takriban mita 1.76 tu. Alishinda mipira ya juu dhidi ya watu waliomzidi kimo kwa sababu aliruka mapema, alijua mpira utatua wapi, na aliweka mwili wake mahali ambapo mpinzani hakuweza kuruka vizuri. Kijana mfupi anayeipenda nafasi hiyo asikatishwe tamaa, ila ajue kwamba atalazimika kuwa mwepesi zaidi wa kufikiri na wa kuruka kuliko wenzake warefu. Kwa beki wa pembeni urefu si kigezo kikubwa. Philipp Lahm, nahodha wa Ujerumani iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2014, alikuwa na mita 1.70.

Mchezaji huanza lini kuwa beki, na je, anaweza kubadilishiwa nafasi?

Wengi wa mabeki wakubwa hawakuanzia nyuma. Beckenbauer alikuwa kiungo. Alphonso Davies wa Kanada alikuwa winga hadi mwaka 2019, pale majeruhi walipoiandama safu ya ulinzi ya Bayern Munich na yeye akawekwa beki wa kushoto. Javier Mascherano alikwenda Barcelona mwaka 2010 akiwa kiungo mkabaji, akageuzwa kuwa beki wa kati na kudumu hapo kwa miaka. Safari ya upande wa pili pia ipo: Gareth Bale alianza kama beki wa kushoto kabla ya kuwa mmoja wa mawinga ghali zaidi duniani.

Kwa hiyo mchezaji wa miaka 13 au 14 hana haja ya kufungwa kwenye nafasi moja. Mtoto aliyewahi kucheza mbele hujua mshambuliaji anatafuta nini, na maarifa hayo humsaidia akirudishwa nyuma. Mabeki wa kati kwa kawaida huchelewa kukomaa wakilinganishwa na mawinga, kwa kuwa kusoma mchezo hujifunzwa kwa mechi nyingi, na makocha huogopa kumpa kijana nafasi ambayo kosa lake huzaa bao moja kwa moja. Kusugua benchi ukiwa na miaka 19 au 20 katika nafasi hii si dalili ya kushindwa. Kwa kijana wa umri huo, kupelekwa kwa mkopo katika klabu ndogo ambako atacheza kila wiki mara nyingi ni bora kuliko kubaki katika klabu kubwa akifanya mazoezi tu.

Je, kukataliwa kwenye majaribio kunamaanisha kwamba safari imekwisha?

Hapana. Cafu wa Brazil alikataliwa na klabu kadhaa alipokuwa kijana, kisha akawa mchezaji pekee aliyecheza fainali tatu mfululizo za Kombe la Dunia, mwaka 1994, 1998 na 2002, na katika ile ya mwisho aliinua kombe akiwa nahodha. Majaribio ya siku moja au mbili humpendelea mchezaji mwenye mbio na chenga. Utulivu, mpangilio na mawasiliano ya beki huhitaji muda kuonekana. Ushauri wa maana kwa beki anayekwenda kwenye majaribio ni kuongea uwanjani tangu dakika ya kwanza, hata kama hawafahamu wenzake kwa majina, kwa sababu sauti inayowapanga wengine ni miongoni mwa vitu vichache vya beki ambavyo skauti, yaani mtafuta vipaji wa klabu, anaweza kuvitambua ndani ya saa moja.

Beki afanye nini anapobaki ana kwa ana na mshambuliaji?

Hili ndilo swali ambalo vijana huliuliza kuliko mengine, na linastahili jibu la kina.

Tuseme winga anapokea mpira pembeni, na beki wa upande huo yuko umbali wa mita kumi. Wakati wa kukimbia kwa kasi ni pale mpira unapokuwa bado njiani kumfikia winga; ukishatulia miguuni mwake, muda huo umepita. Zinapobaki mita tatu hivi, beki hupunguza mwendo kwa hatua fupi fupi. Akiendelea na kasi ile ile, chenga moja tu itamwacha. Anakunja magoti kidogo, anasimama kiubavu huku mguu mmoja ukiwa mbele, na uzito wake unakuwa kwenye nyayo za mbele, si kwenye visigino. Miguu haisimami sambamba, kwa kuwa mpira unaweza kupitishwa katikati yake na yeye akashindwa kugeuka.

Kusimama kiubavu kuna faida nyingine: kunamchagulia mpinzani njia. Winga anayependa kuingia ndani kupiga shuti huzibiwa njia ya ndani na kuachiwa ile ya kuelekea mstari wa pembeni, ambako uwanja wenyewe unamsaidia beki. Macho hubaki kwenye mpira. Mabega, kiuno na miguu ya winga vitadanganya, lakini mpira haudanganyi. Kisha inakuja sehemu iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kusubiri. Beki hurudi nyuma polepole, akibaki umbali wa mkono mmoja na nusu hivi, hadi winga auguse mpira kwa nguvu kupita kiasi au amwangalie mwenzake wa kumpasia. Hapo ndipo mguu ulio karibu na mpira unapotolewa. Hata ikiwa nafasi hiyo haikupatikana, sekunde tatu za kusubiri zinatosha kwa kiungo mmoja kurudi kusaidia, na hali ya mmoja dhidi ya mmoja inageuka kuwa wawili dhidi ya mmoja.

Kujirusha chini kwa kuteleza ni silaha ya mwisho. Mashabiki huishangilia, na ni kweli kwamba kuna nyakati hakuna njia nyingine, lakini beki aliyelala chini hawezi kukaba tena. Ndani ya eneo la hatari mabeki wengi huweka mikono nyuma ya mgongo wanapozuia krosi au shuti ili kuepuka penalti ya kuunawa mpira, ingawa kufanya hivyo hupunguza uthabiti wa mwili na hakupaswi kuwa mazoea nje ya eneo hilo.

Na mpira unapotoka pembeni kwa krosi?

Kosa la kawaida ni kukaba kwa macho: beki anautazama mpira unaokuja, na mshambuliaji anampotea mgongoni. Mwili unapaswa kufunguliwa nusu, ili kwa kugeuza kichwa kidogo tu beki aone mpira na mtu wake kwa pamoja, huku mkono mmoja ukigusa kwa wepesi kujua mpinzani amekwenda upande gani, bila kumshika. Mpira wa kichwa wa kuondosha hatari hupigwa juu, mbali na kuelekea pembeni. Ukipigwa chini na kuelekea katikati, humkuta kiungo wa timu pinzani akisubiri nje kidogo ya eneo la hatari.

Mtego wa kuotea hufanyaje kazi, na una hatari gani?

Mabeki husogea mbele kwa pamoja kabla tu ya pasi kupigwa, na mshambuliaji hubaki nyuma yao akiwa ameotea, yaani yuko karibu na goli kuliko wao wakati pasi inapigwa. Milan ya mwishoni mwa miaka ya 1980 chini ya kocha Arrigo Sacchi, ikiwa na Franco Baresi, Alessandro Costacurta, Mauro Tassotti na Paolo Maldini, iliufanya mtego huo kuwa sehemu ya kila siku ya mchezo wake, na msingi wake ulikuwa kwamba wanne wote walisogea kwa ishara ya mmoja. Hatari yake ni dhahiri: mmoja akichelewa hatua moja, wote watatu waliosogea wanakuwa wamemfungulia mshambuliaji njia ya kwenda kwa kipa. Beki wa pembeni wa upande ulio mbali na mpira ndiye anayeusahau mstari mara nyingi zaidi.

Ni sheria zipi zilizobadilisha kazi ya beki?

Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa, na mshambuliaji akahitaji wapinzani wawili badala ya watatu kati yake na mstari wa goli. Mabao yaliongezeka ghafla, na timu zikamrudisha nyuma sentahafu, aliyekuwa kiungo wa kati, asimame kati ya mabeki wawili. Beki wa kati tunayemjua leo alizaliwa hapo. Mwaka 1990 mshambuliaji aliye sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho akahesabiwa kuwa hajaotea.

Badiliko lililoumiza zaidi vichwa vya mabeki lilikuja mwaka 1992, kipa alipokatazwa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mchezaji mwenzake kwa makusudi. Kabla ya hapo beki aliyebanwa alikuwa na kimbilio. Baada ya hapo ilimbidi ajue kucheza mpira. Tangu mwaka 2019 mpira wa goli, ule unaopigwa kutoka golini kuanzisha mchezo upya, unaweza kupokewa ndani ya eneo la hatari, na sasa mabeki wa kati wengi husimama pembeni ya kipa wao kuupokea huku washambuliaji wakiwajia mbio. Kwa maoni yangu, hakuna nafasi uwanjani ambayo mahitaji yake ya kiufundi yamepanda kiasi hicho ndani ya kizazi kimoja.

Kuhusu adhabu, tangu mwaka 2016 beki anayemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga ndani ya eneo la hatari, akiwa amejaribu kwa dhati kuucheza mpira, hupewa kadi ya njano pamoja na penalti badala ya nyekundu. Akimvuta au kumsukuma bila kuutafuta mpira, nyekundu inabaki pale pale. Teknolojia ya VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, iliyotumika katika Kombe la Dunia la wanaume kwa mara ya kwanza mwaka 2018, imepunguza sana uhuru wa kuvutana jezi wakati wa kona.

Beki anapimwaje ikiwa kazi yake haionekani?

Idadi ya mipira aliyopokonya haitoshi, na wakati mwingine inapotosha. Beki anayepokonya mipira mingi huenda ni hodari, na huenda pia ni mtu anayechelewa kujipanga na kulazimika kuokoa kila mara. Mabao yaliyofungwa dhidi ya timu ni kipimo cha timu nzima, kipa na viungo wakiwemo. Hata hivyo kipimo hicho kina uzito wake. Italia ya mwaka 2006 iliruhusu mabao mawili tu katika mechi saba za Kombe la Dunia, moja likiwa la kujifunga na jingine la penalti. Chelsea ya msimu wa 2004/05 iliruhusu mabao 15 katika mechi 38 za Ligi Kuu ya Uingereza. Timu hazifikii hapo kwa bahati.

Njia bora ya kumpima beki ni kumtazama yeye peke yake kwa kipindi kizima, bila kuufuata mpira. Angalia anageuza kichwa mara ngapi, anaongea na nani, na anasimama wapi wakati timu yake inashambulia. Skauti makini hufanya hivyo.

Mkataba wa kwanza wa kulipwa unapaswa kuwaje?

Kwa kanuni za FIFA, shirikisho la soka duniani, mkataba haupungui muda uliobaki hadi mwisho wa msimu na hauzidi miaka mitano, na kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu. Uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa katika hali chache zilizoainishwa, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na soka. Mtu anayemwahidi mtoto wa miaka 15 klabu ya nchi ya mbali na kudai fedha za maandalizi anapaswa kuogopwa. Klabu halali haimtozi mchezaji ada ya kusajiliwa.

Kabla ya kumwaga wino, mkataba usomwe na mwanasheria asiye wa klabu wala wa wakala. Mambo ya kuyatafuta ni mshahara wenyewe na tarehe yake, marupurupu, nani anayelipia matibabu na kwa muda gani mchezaji akiumia, na vipengele vinavyoiruhusu klabu kuongeza muda kwa uamuzi wake peke yake. Mabeki watazame pia bonasi, kwa sababu mikataba mingi hutaja mabao na kusahau mechi ambazo timu haikuruhusu bao.

Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, kanuni hizo hizo humpa mchezaji haki ya kuvunja mkataba kwa sababu ya msingi, baada ya kuiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 za kulipa. Barua hiyo ihifadhiwe, pamoja na taarifa za benki.

Uhamisho wa mabeki hufanyikaje, na bei zake zimefikia wapi?

Klabu mbili hukubaliana ada, kisha mchezaji hukubaliana na klabu mpya masharti yake binafsi, hufanyiwa vipimo vya afya, na usajili hukamilishwa dirisha la usajili, yaani kipindi kinachoruhusiwa kusajili wachezaji, likiwa wazi. Miezi sita ya mwisho ya mkataba inampa mchezaji uhuru wa kukubaliana na klabu nyingine na kuhamia huko bure mkataba ukiisha. Haki ya kuondoka bila ada mkataba unapomalizika ilipata nguvu barani Ulaya kwa hukumu ya Bosman, iliyotolewa na mahakama ya Ulaya Desemba 1995 katika kesi ya mchezaji Jean-Marc Bosman. Sol Campbell aliitumia alipoondoka Tottenham kwenda Arsenal mwaka 2001 bila klabu yake kupata chochote.

Kwa muda mrefu mabeki walinunuliwa kwa bei ya chini kuliko washambuliaji. Januari 2018 Liverpool ilitoa takriban pauni milioni 75 kumpata Virgil van Dijk kutoka Southampton, na wengi walishtuka. Msimu uliofuata Liverpool iliruhusu mabao 22 tu ya ligi na kutwaa ubingwa wa Ulaya. Mwaka 2019 Manchester United ilimchukua Harry Maguire kwa takriban pauni milioni 80, rekodi ya dunia kwa beki. Bei kubwa humwekea beki mzigo ambao mshambuliaji anaweza kuupunguza kwa bao moja. Yeye hana njia ya mkato ya namna hiyo.

Klabu ndogo zilizomlea mchezaji zisisahau haki yao. Asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 23, ilimradi kumbukumbu za usajili wake zimetunzwa.

Majeraha gani huwapata mabeki zaidi?

Misuli ya nyuma ya paja huwasumbua hasa mabeki wa pembeni, kwa sababu ya mbio za kasi za kupanda na kushuka. Vifundo vya miguu na nyonga hufuata. Jeraha linaloogopwa zaidi ni la kukatika kwa kano ya mbele ya goti, ambalo kwa kawaida humweka mchezaji nje kwa miezi sita hadi tisa, na mara nyingi zaidi ya hapo. Van Dijk aliumia kano za goti Oktoba 2020 na kukosa sehemu yote iliyobaki ya msimu huo. Kurudi mapema ni kishawishi kikubwa. Baresi alifanyiwa upasuaji wa goti wakati wa Kombe la Dunia la 1994 na akacheza dakika 120 za fainali katika mashindano hayo hayo, wiki chache tu baadaye, Brazil ikashindwa kufunga hadi mikwaju ya penalti. Ulikuwa ushujaa wa mchezaji mkubwa aliyekuwa ukingoni mwa safari yake ya kimataifa. Kijana wa miaka 20 asiufanye kuwa mfano.

Je, kupiga mpira kwa kichwa kuna madhara kwa ubongo?

Swali hili lisipuuzwe, na linawahusu mabeki kuliko wachezaji wengine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha matokeo ya uchunguzi wa rekodi za wachezaji wa zamani wa kulipwa 7,676 wa Scotland. Waligundua kwamba uwezekano wa wachezaji hao kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo ulikuwa takriban mara tatu na nusu ya ule wa watu wa kawaida. Uchambuzi uliofuata mwaka 2021 ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mabeki, takriban mara tano, na kwamba kwa makipa haikutofautiana sana na ya watu wengine. Uchunguzi wa namna hiyo haumwambii mtu mmoja mmoja yatakayompata, na waliochunguzwa walikuwa wa vizazi vilivyopita, lakini mwelekeo wake uko wazi mno kuweza kupuuzwa.

Chama cha soka cha England kilishauri mwaka 2020 kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini, na mwaka 2021 kikapendekeza wachezaji wa kulipwa wasizidishe vichwa kumi vya nguvu kwa wiki ya mazoezi. Beki yeyote anaweza kuomba mazoezi ya kuruka na kujipanga yafanywe kwa mipira ya kurushwa kwa mkono. Mchezaji aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo atolewe uwanjani mara moja, hata akisema yuko sawa. Sheria za mchezo tangu 2024 zinayaruhusu mashindano kuongeza mchezaji wa akiba kwa ajili ya hali hiyo, kwa hiyo katika mashindano yanayoitumia ruhusa hiyo kisingizio cha kumaliza nafasi za kubadilisha kimeondoka.

Beki aishi vipi na kosa lililoigharimu timu?

Kosa litakuja. Waliocheza miaka mingi wote wamewahi kujifunga, kuteleza wakiwa wa mwisho, au kusababisha penalti ya dakika za lala salama. Kinachotakiwa uwanjani ni kitendo kimoja rahisi kinachofuata: pasi fupi, kichwa cha wazi, neno kwa mwenzake. Marudio yatazamwe kesho yake pamoja na kocha, na mitandao ya kijamii iachwe kwa siku kadhaa.

Wanaoshabikia nao wana wajibu. Andrés Escobar wa Colombia alijifunga dhidi ya Marekani katika Kombe la Dunia la 1994, na siku chache baadaye, tarehe 2 Julai, aliuawa kwa risasi mjini Medellín. Alikuwa na miaka 27. Kila anayemtukana beki kwa kosa la mchezo angepaswa kulifahamu jina hilo.

Mabeki wanaweza kushinda tuzo kubwa?

Wanaweza, ingawa ni mara chache. Kwa upande wa wanaume, mabeki walioshinda Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, ni Beckenbauer, mwaka 1972 na 1976, Matthias Sammer mwaka 1996, na Cannavaro mwaka 2006. Van Dijk alishika nafasi ya pili mwaka 2019 nyuma ya Lionel Messi. Kwa wanawake, Lucy Bronze wa England alitwaa tuzo ya FIFA ya mchezaji bora wa dunia mwaka 2020.

Hali ikoje kwa mabeki wanawake?

Kazi ni ile ile, na viwango vimepanda kwa kasi. Wendie Renard wa Ufaransa ameshinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara nane akiwa na Lyon, nyingi kati ya hizo akiwa nahodha. Tofauti kubwa ziko kwenye mishahara na kwenye goti: wanawake huumia kano ya mbele ya goti mara mbili au zaidi ya wanaume, na kwa sababu hiyo mazoezi ya kuimarisha mapaja na ya kutua vizuri baada ya kuruka yanapaswa kuwa sehemu ya kila kipindi cha kupasha misuli moto. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinawahakikishia wachezaji wa kulipwa likizo ya uzazi ya angalau wiki 14 kwa theluthi mbili ya mshahara, na klabu hairuhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu ya ujauzito.

Beki hutundika daluga akiwa na umri gani?

Mabeki wa pembeni hupungua kasi mapema, na wengi huanza kuhisi hivyo wakikaribia miaka 32. Mabeki wa kati hudumu zaidi kwa sababu akili hufidia miguu. Maldini aliichezea Milan mechi 902 kati ya mwaka 1985 na 2009, akianza pembeni na kumalizia zaidi katikati, na alistaafu akiwa na miaka 40. Thiago Silva, aliyelazwa kwa kifua kikuu mjini Moscow mwaka 2005 akiwa kijana, alishinda Ligi ya Mabingwa na Chelsea mwaka 2021 akiwa na miaka 36. Pepe wa Ureno alicheza fainali za Ulaya za mwaka 2024 akiwa na miaka 41. Hao ni wachache, na wote walikuwa watu wa nidhamu kali ya usingizi, chakula na mazoezi.

Baada ya kustaafu, beki anaweza kufanya nini?

Kuwapanga wenzake kwa miaka mingi humwandaa vizuri kwa ukocha. Beckenbauer aliiongoza Ujerumani Magharibi kutwaa Kombe la Dunia la 1990 akiwa kocha, baada ya kulitwaa akiwa nahodha mwaka 1974. Ronald Koeman, beki aliyefunga bao la ushindi la Barcelona katika fainali ya Ulaya ya 1992, amezifundisha Barcelona yenyewe na timu ya taifa ya Uholanzi. Lilian Thuram wa Ufaransa alichagua njia nyingine, akaanzisha taasisi ya kufundisha dhidi ya ubaguzi wa rangi mwaka 2008.

Kwa walio wengi, ambao hawatapata jina wala utajiri wa namna hiyo, maandalizi yaanze wakiwa bado wanacheza. Kozi za ukocha za ngazi ya chini zinaweza kufanywa wakati wa mapumziko ya msimu. Akiba iwekwe tangu mshahara wa kwanza, kwa kuwa goti moja linaweza kufunga ukurasa mtu akiwa na miaka 26. Elimu ya darasani iendelee, hata kwa kasi ndogo. Na kumbukumbu za matibabu zote, za vichwa na za viungo, zitunzwe mahali salama, kwani daktari atakayemhudumia akiwa na miaka 55 atazihitaji.